Mapendo Anakulaka Akisimama

Evere, Bruxelles, siku ya Mungu

Maman yangu mupenzi,

Habari za nyumba? Mugongo wako bado unakusumbua? Papa aliacha kukohoa? Mimi niko muzima wa mwili, namushukuru Mungu, lakini roho imepata mushituko, na ndiyo sababu nimekamata kalamu. Kwa simu ungenikatiza. Tonton Déo, yule tunayesali naye hapa, anasafiri juma hii, yeye ndiye atakuletea barua.

Unajua nachunga muzee mwanamuke, Madame. Alikuwa mwalimu wa vitabu. Sasa macho yamemuacha, donc kila siku baada ya chakula cha muchana ninamusomea. Juma hii akanituma nitoe mu kabati kitabu cha Warusi wa zamani, kurasa zimekuwa manjano. Nikasema moyoni, Warusi na baridi yao, mimi inanihusu nini?

Maman, inatuhusu sisi.

Mule kuna mama mumoja tajiri, mwenye mashamba. Mutu muzuri, anasali, anasaidia maskini. Nyumbani mwake kuna mutumishi aliyelea watoto wake watatu. Macho ya yule mutumishi yanaanza kufa, anavunja vikombe. Bon, yule mama, kwa upole kabisa, anamupakiza ku gari la farasi, anamurudisha kwao. Na kule kwao hakuna tena mutu anayemujua. Mama analia kidogo, kisha anaomba chai.

Nikangojea muandishi amutukane. Hakumutukana. Aliandika tu nani alikaa, nani alisimama, nani alikula nini. Madame akaniambia, "Waandishi wale walikuwa vile. Wakati ule watu walikuwa wanauzishwa pamoja na mashamba. Muandishi anakupeleka jikoni, anakuacha mule, wewe mwenyewe uone."

Niliona, Maman. Nikafunga kitabu. Si uliniambia kwa simu macho ya Mapendo wetu wa jikoni yameharibika, anamwaga mafuta, utamurudisha kwao mbele ya Noeli? Na mimi nilijibu nini? Nilijibu, "Bon, sawa." Kisha nikakuuliza kama mulipata vile viatu nilivyotuma. Mapendo aliyenibeba ku mugongo. Mapendo aliyenipeleka ku masomo kila asubui, na yeye mwenyewe hakuingia mu darasa hata siku moja.

Madame alisikia nimefunga kitabu, akaleta swali. "Furaha, miezi yote hii uko hapa, sijasikia ukivuta kiti. Kwa nini unakula jikoni, umesimama?" Nikamujibu ni heshima, kwetu mutu wa kazi hakai pamoja na wenye nyumba. Akauliza, "Nani alikufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha. Nilimuona tu Mapendo toka utoto wangu, sahani mukononi, ku mulango wa jikoni. Siku nilipokuwa mutu wa kazi kwa watu, mwili wangu wenyewe ulijua pa kusimama. Nilisikia haya, Maman, haya ya kuumiza. Madame akapapasa kiti cha pembeni yake, akakivuta, akasema, "Kaa." Nikakaa.

Sisemi tuko watu wabaya. Ulimuvalisha, alipougua ulimupeleka ku hospitali, najua. Yule mama wa mu kitabu naye alifanya vile. Nakuomba usimurudishe. Wazazi wake walikufa mu vita, kwao ni wapi kama si kwetu? Kama kazi imemushinda, aache kazi, abaki.

Unisalimie Papa, na mukubwa wangu Bahati pamoja na bibi yake, na shangazi aliyenifundisha kusuka nywele. Nilitaka kumusalimia Mapendo pia kwa jina lake lote, nikaona silijui. Nimekulia mikononi mwake na jina la baba yake silijui. Umuulize kwa ajili yangu.

Najua desturi yetu. Barua ikitoka Ulaya, unaisoma kwa sauti baada ya kula, wote mukiwa mezani. Donc na hii umeisoma vile, na Mapendo amesikia yote. Geuka, Maman. Yuko nyuma yako, ku mulango wa jikoni, amesimama. Umupe kiti kwanza, kisha uanze tena kusoma toka juu.

Mutoto wako,
Furaha