Msiba wa Baba Khairunisa

Fadumo, uko? Acha kazi kidogo usome. Nimetoka kwa dada Sumeya sasa hivi.

Mwalimu wa Kiswahili amebisha kwake na wanafunzi sita wa darasa la saba. Wamebeba sukari na majani chai. Aliyefungua ni Aziz, bwanake Sumeya, na alirudi Kitale jana tu, baada ya miezi minne huko Malakisi kwa biashara yake ya tumbaku.

Mwalimu akamshika kwa mikono miwili. "Poleni na msiba. Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Aziz. Baba Khairunisa."

Ati marehemu Aziz. Na yeye amesimama hapo mlangoni na vesti.

Kumbe watoto waliambiwa waandike insha, siku ambayo hawataisahau, na kisa kiwe cha kweli. Khairunisa, binti yao, akaandika siku baba yake alizikwa. Ikasomwa darasani, darasa lote likalia, mwalimu akachangisha.

Sumeya alitamani ardhi immeze.

Aziz hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimwomba mwalimu kile kitabu cha insha akasoma kwa sauti, sisi wote tukisikia, vile marehemu alikuwa anamfundisha bintiye hesabu kila jioni, vile alikuwa anamngoja kwa geti la shule mvua ikinyesha.

Akafunga kitabu. Akauliza polepole, "Huyu baba ni nani? Mimi sijafanya hata moja ya haya."

Khairunisa akamjibu kutoka jikoni, bila hata kulia.

"Huyo alikuwa anarudi nyumbani."