Mahari Pako Papo

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Wingu limetanda Mugumu tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Nimefunga mlango, nimezima simu, na uso bado unawaka.

Leo nimemkana mzee wa watu mbele ya stendi nzima.

Nianze mwanzo kabisa, maana nikianzia katikati nitaanza kujitetea.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilitoka hospitali. Walinichoma sindano kwenye uvimbe wa titi la kushoto, wakachukua walichochukua, wakaniambia nisubiri majibu. Sijamwambia mtu. Hata mama kule Gorong'a hajui. Nilitembea hadi stendi bila kujua miguu inanipeleka wapi, nikamkuta Mzee Mwita amesimama kwenye kreti la soda na kipaza sauti chake cha betri, kile kinachokoroma.

Hapa kila mtu anamfahamu Mzee Mwita. Ni Mkurya wa Tarime kama mimi, hana kanisa, hapitishi kikapu. Anahubiri Jumatano na Jumamosi. Siku hizi watu wanamzunguka kuliko zamani, na nadhani najua sababu. Mvua haieleweki. Tembo wamemaliza mahindi ya watu upande wa Natta. Ukifungua simu, kila habari inatisha. Watu wanakuja kwake wakiwa na hofu, na wakishafika wanaona haya kuonekana na hofu, basi wanacheka.

Siku hiyo alisema hivi: "Wewe uriyekosa usingizi, usiogope. Mahari pako papo."

Nilikuwa na usiku wa nne bila usingizi. Nilijua kwamba sekunde moja tu ikipita nitalia pale pale, mwalimu mzima, na mkoba wangu begani.

Dereva mmoja wa bodaboda akapiga kelele: "Mahari ng'ombe wangapi, mzee?"

Stendi ikalipuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka kuliko wote.

Nikatoa simu nikamrekodi. Nyumbani nikaiweka video kwenye status, nikaandika juu yake: "Mbinguni napo mahari! Andaeni ng'ombe." Nikaitupa na kwenye kundi la walimu. Baada ya siku tatu video ile ilinirudia kutoka kwa binamu yangu wa Sirari, ikiwa imeshapita mikono ya watu nisiowajua, na binamu akaniuliza kama namfahamu huyo kichaa.

Sasa lije lile linaloniuma.

Mimi nafundisha Kiswahili. Mtu anayezungumzia ng'ombe wa kuolea angesema mahari yako ipo. Mzee alisema pako, akasema papo. Sarufi yake ilikuwa safi kama ya kitabuni. Alisema mahali, kwa ulimi wa kwetu, ulimi usiotofautisha l na r. Pale stendi nzima labda ni mimi peke yangu niliyekuwa na elimu ya kuwaambia watu kwamba mzee hajakosea neno. Nikajifanya sikusikia, kwa sababu kumcheka kulikuwa rahisi kuliko kulia.

Na ulimi ule ni wangu. Wiki ya kwanza chuoni, Morogoro, niliwaambia wenzangu bwenini, "Twendeni kura." Wakaniita Mgombea. Miaka miwili, Mgombea. Nilinunua kioo kidogo, nikawa najifungia bafuni nafanya mazoezi: lala, lima, lilia, ulimi nyuma ya meno. Nilipomaliza chuo nilikuwa naongea vizuri kuliko walionicheka, na nikajiapiza kwamba hakuna atakayejua tena nimetoka wapi.

Juzi Jumatatu Mzee Mwita alikuja shuleni.

Nilipomwona getini nilidhani amegundua video ni yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, akavua kofia.

"Mwarimu Bhoke, naambiwa wewe ni mtoto wa Gorong'a, na urimi wako umenyooka. Kama wewe umeweza, nami nitaweza. Nifundishe kusema mahari."

Nikauliza, sijui shetani gani alinituma, "Mahari ya ng'ombe?"

"Hapana. Mahari pa kukaa."

Akaniambia kuna mtu alimpiga picha na sasa watu wanamcheka hadi Sirari. Wajukuu zake wameonyeshwa. "Simraumu," akasema. "Kosa ni ra urimi wangu. Neno ni zuri, mimi ndiye ninariharibu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Badala yake nikamvutia kiti, nikamfundisha.

Saa nzima. Mzee wa umri wa baba yangu amekaa kwenye dawati la darasa la tano, ulimi nje, anasukuma herufi. Ma-ha-ri. Ma-ha-ri. Halafu, ghafla, mahali. Akapiga makofi mwenyewe. Akanishukuru kwa mikono miwili, akaniombea usingizi mzuri. Nilivyo na roho ngumu, nikaitikia amina.

Kilichonipita, na ni mimi ninayepaswa kukijua, ni kwamba ukimwogopesha mtu na herufi moja ataitilia shaka na herufi jirani yake. Niliwahi kuwa hivyo mwenyewe chuoni. Kuna wiki nilisema "lafiki" kwa kuogopa.

Leo baada ya vipindi nilipita stendi kununua nyanya. Mzee alikuwa kwenye kreti lake, amevaa koti. Alipoanza kuongea nilitamani ardhi ipasuke. "Kalibuni ndugu zangu! Msife moyo! Nawaombea balaka! Loho zenu zitulie!" Kila herufi aliyoimiliki tangu kuzaliwa alikuwa ameing'oa, akaweka ile niliyompa mimi.

"Mzee kahamia pwani!" mtu akasema. Watu wakajishika mbavu. Simu zikatoka, nyingi kuliko siku ile.

Akaendelea, jasho linamtoka, hadi kwenye sentensi yake. "Mahali pako papo." Neno lile alilitamka sawasawa kabisa. Hakuna aliyelisikia.

Akashusha kipaza sauti. Akatafuta katikati ya watu, akaniona.

"Mwalimu," akasema, na l yake ilikuwa safi, "nimekosea wapi?"

Vichwa vyote vikageuka. Nikainama, nikafungua mkoba, nikajifanya natafuta kitu. Nilitafuta hadi niliposikia kreti likikwaruza chini. Nilipoinua macho, mzee alikuwa ameshalibeba na kipaza sauti chake, anaondoka kwa njia ya Manchira. Hajawahi kuondoka kabla ya saa kumi na moja.

Video nimeifuta. Haina maana yoyote, iko kwenye simu za watu, lakini nimeifuta.

Majibu yangu bado. Nimegundua leo sikuyafikiria mchana kutwa, na hilo nalo limenitia aibu, kwamba ilibidi nimvunje mtu ndipo nisahau hofu yangu.

Naandika hapa kwamba video ile niliipiga mimi, na kwamba Mzee Mwita hakuwahi kukosea. Lakini Mzee Mwita hasomi blogu. Kuandika hapa ni kujificha kwa namna nyingine. Kesho saa kumi tulipanga somo la pili. Asipokuja, nitauliza nyumba kwa nyumba hadi nimpate, kisha Jumamosi nitasimama kando ya kreti lake, mbele ya simu zao.

Nimekitoa kile kioo cha Morogoro, kimepasuka pembeni. Nimekaa nacho tangu saa kumi na moja nikifanya mazoezi ya sentensi moja. Kila nikiisema vizuri inatoka kama ya mtu mwingine. Mwishowe nimeuacha ulimi uende kwao.

Mzee, nirikuwa mimi.