Kidawa Ana Homa, Nimekwenda Chole

Mama, shikamoo. Uji wa Kidawa uko jikoni, mnyweshe kidogo kidogo. Usimwache peke yake.

Chupa yake ya uzazi ilipasuka juzi, na uchungu haujaanza. Alinyamaza kwa sababu ulimfundisha kwamba uzazi ukitangazwa mapema, jicho la watu huufunga. Leo alfajiri ameniita mwenyewe: mwili unawaka, meno yanagongana, maji yananuka.

~~Mwite mkunga.~~ Mkunga ameshamwona, amesema limemshinda. Nakwenda Chole kumleta daktari wa Kijerumani. Najua utasema, "Mwanamume mgeni amtazame mkeo!" Nigombeze nikirudi, Mama, ila mlango usimfungie.

Nimemwomba Mungu hadi sauti imenikauka. Msomee sura yoyote, lakini Yasini ya anayekata roho usiianze kabla sijarudi.

Mwanao,
Zahor