Safari Hii Mto Unakuja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Yule jogoo wako mgomvi bado anamfukuza jirani yetu fundi cherehani? Kama bado, mpe mahindi ya ziada kwa niaba yangu. Mimi ni mzima wa afya, ila usingizi umenihama.

Najua fundi hajaacha kunicheka. Mwaka jana nilitangaza mafuriko, mtaa mzima mkahamia mlimani na vitanda kichwani, mto ukajipitia huko chini kwa adabu kama mkwe. Tangu siku hiyo naitwa Nabii Mkavu. Hata wewe ulisema kompyuta yangu haijawahi kulowa, itajuaje habari za maji. Niliumia, mama, nikarudi kazini kutafuta kosa.

Kosa tumeligundua. Kazi yetu ni kuugeuza mto kuwa hesabu: mvua ikinyesha kiasi hiki milimani, maji yatapanda kiasi gani huko kwenu. Basi tulihesabu mvua, tukasahau kuuliza ardhi ina kiu gani. Kinamasi cha huko juu kilikuwa kimekauka, kikanywa mvua yote, nasi tukaumbuka. Sasa tumekiingiza kwenye hesabu. Tumeijaribu kwa mafuriko ya zamani, yakiwemo yale yaliyobeba jiko lako, ikayatabiri kama yalivyotokea. Na mwaka huu kinamasi kimejaa pomoni.

Hesabu inasema maji yatafika dirishani kwako kabla ya wiki kwisha. Mkuu wangu naye ni yule aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka: anataka tutangaze tukishayaona maji. Nikamwambia hiyo hata jogoo wa mama anaiweza. Tumenuniana tangu asubuhi.

Utaniuliza kama nina uhakika. Sina. Hesabu mpya haiapi. Inasema mara saba katika kumi maji yanakuja. Mwaka jana nilijifanya najua yote. Leo nakwambia ukweli: naogopa, mama. Yasipokuja, kabati lako nitalirudisha kwa mgongo wangu mwenyewe, fundi acheke mpaka achoke.

Nisalimie wote, hata yeye, na umwambie apakie cherehani yake, nafasi ipo. Maana aliyekuletea barua hii ni dereva, na lori lake liko hapo nje. Usijisumbue kumpa jibu. Nimemwagiza arudi na wewe.

Mwanao akupendaye,
Mpima mito