Makasha ya Vyombo vya Meli na Pole ya Fundi Rajabu

CHAMA CHA MASEREMALA WA UJAMAA, MLOLA
Kikao cha Kamati, 9 Agosti 1975, ofisi ya kijiji

Waliohudhuria: Ndugu Timotheo Shemdoe (Mwenyekiti), Fundi Rajabu Singano, Bi. Mwanahawa Hoza, Yudith Kaniki (Mwandishi).
Hakuwepo: Ndugu Mussa; yuko msibani Magoma.

KUMB. NA. 1/75: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwataka wajumbe wasipige kelele. Walipiga.

KUMB. NA. 2/75: AJALI BAHARINI
Mwenyekiti alieleza kwamba meli mbili za utafiti wa bahari zilizoko Tanga hutumia kwa zamu vipimajoto na chupa zilezile za kuchotea maji ya kilindini, zikipokezana ndani ya makasha yetu ya mbao za mkulo. Wiki iliyopita meli moja iliyumba, kasha likateleza na kumvunja mguu mtafiti kijana, Ndugu Saidi. Kasha halikuwa na vishikio wala pa kupitisha kamba.

Fundi Rajabu, aliyeyatengeneza, alijibu kwamba huku kwetu mzigo ni wa kichwani, juu ya ngata. Kishikio cha nini? Bi. Mwanahawa alisema kichwa kina shingo ya kukisawazisha, meli haina.

Ilikubaliwa makasha yote yatiwe vishikio na pete za kamba. Ilikubaliwa pia kwamba hakuna mjumbe aliyewahi kupanda meli, wala aliyeuliza.

KUMB. NA. 3/75: POLE
Fundi Rajabu aliomba ruhusa ashuke Tanga kumpa majeruhi pole kabla hajagusa tena patasi. Mwenyekiti alikataa. Alisema kwenda ni kukiri kosa, na kazi hii tukinyang'anywa vijana wetu watarudi kukaa vijiweni.

Fundi alisema, "Silali, Ndugu Mwenyekiti. Nikifumba macho nauona mguu wa mtoto wa watu."

Bi. Mwanahawa aliuliza tangu lini Mlola inatafuta kwanza mkosaji ndipo iende kumjulia hali mgonjwa. Mwenyekiti alimwambia anavuruga kikao. Bi. Mwanahawa alisema, "Loo! Wewe ulipoangukiwa na gogo tulikuja na uji. Nani alikuuliza kosa la nani?" Mwandishi aliombwa asiandike hayo. Ameyaandika.

Mwenyekiti aliuliza lori la mbao linashuka Mombo, njia ya Tanga, saa ngapi.

KUMB. NA. 4/75: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa nne asubuhi bila dua, kwa kuwa lori lilikuwa linapiga honi.

Mwandishi: Y. Kaniki
Mwenyekiti: atatia saini akirudi. Ameshuka na Fundi, na kuku wa mgonjwa amembeba yeye mwenyewe.