Dagaa Walioachwa Mchangani

Ujiji

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako amepona goti na ameanza tena kwenda sokoni Mwanga kwa miguu, akikataa bodaboda.

Umeuliza: katika mashindano yako ya kuogelea ya Jumamosi huko Mwanza, utazame nini ukifika katikati ya ziwa na ufuo hauonekani vizuri?

Sisi utotoni hapa Ujiji tulitazama dagaa. Tulishindana kuogelea kutoka mtumbwi uliotiwa nanga mbali hadi ufuoni, na dagaa walioanikwa mchangani walimetameta kama kioo. Jumamosi moja, nikiwa wa mwisho, wingu lilitanda. Akina mama wakawakusanya dagaa upesi, ufuo wote ukawa mweusi. Maji na mbingu vikawa kitu kimoja; sikujua tena kama ninaogelea au ninaota. Kisha nikaona weupe mdogo, mahali pamoja tu, nikaufuata polepole.

Nilipotoka majini mvua ilikuwa imeanza. Mama yangu alisimama kando ya dagaa wake, hajawagusa.

"Mama Idi, umerogwa? Dagaa wanalowa!" jirani alimpigia kelele.

"Waache walowe. Huyu alikuwa bado anawatazama."

Kisha akanigeukia: "Na wewe, mwendo gani huo? Kobe! Shika ungo, tuwaokoe."

Tulikula dagaa wenye uvundo juma zima. Sikulalamika hata siku moja.

Jumamosi ijayo, kabla hujaingia majini, muulize mama yako atasimama wapi.

Babu yako,
Idi