Kifuniko cha Tenki Kiko Kalemela

Jumanne, 8 Julai
Chai ya rangi, kiporo cha ugali. Nimefuta pikipiki vumbi, nikapiga kiki. Imekohoa. Ya pili imewaka, lakini inamisi. Puu, puu, kimya, puu. Kama mimi nikipanda mlima.

Pikipiki yangu kuukuu, lakini ina silinda mbili. Bodaboda wa hapa Ngulyati wana za silinda moja, na siku zote nawaambia wamepanda mbuzi. Leo wamecheka wao.

Jioni kapiga simu Masanja, mtani wangu wa Kalemela. Ukoo wao na wetu tunatukanana tangu enzi za mababu. Kanitukana kidogo, halafu kasema mwanawe anakuja Jumapili kumchukua, akaishi naye Mwanza moja kwa moja. Miguu yake imekwisha. Nikamwambia afadhali, Kalemela sasa itanukia vizuri. Nikakata simu.

Nyumba ikawa kimya sana.

Jumatano, 9 Julai
Niandike habari ya kifuniko, maana kichwa changu kinavuja.

Mama Kija, mke wangu, alipofariki mwaka juzi, Masanja alikuja kufanya kazi yake ya utani. Alivaa gauni la marehemu. Aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akalalamika pembamba mno. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi sikucheka. Wakati wa kuondoka aling'oa kifuniko cha tenki la pikipiki, akatia mfukoni. Ndiyo desturi. Mtani akichukua kitu msibani hugombi, unakwenda kukikomboa kwa kuku. Nilinuna. Sikwenda. Nikachota pamba mbegu stoo, maana pamba ndiyo tuliyo nayo, nikaisokota kwenye mdomo wa tenki. Imekaa humo mpaka leo.

Sasa nataka kwenda. Nimempigia kumwambia nitakuja hata kwa basi.

"Ukija na basi sikupi," kasema. "Njoo na hilo kopo lako, nilisikie likija."

Akienda Mwanza sitamwona tena. Najua. Na yeye anajua, ndiyo maana ananisumbua.

Alhamisi, 10 Julai
Nimewasha, nikatemea mate bomba za eksozi. Ya kushoto, chwaa, yamekauka. Ya kulia mate yameteremka taratibu kama yanakwenda kanisani. Bomba ni baridi. Kwa hiyo mgonjwa ni silinda ya kulia.

Nimehamisha plagi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kulia bado baridi. Si plagi. Nimeilaza plagi kwenye chuma, nikapiga kiki: cheche ya bluu, safi. Si koili.

Fundi mmoja wa stendi kasema nimuuzie kama chuma chakavu. Nimemuuliza na mimi nikauzwe wapi.

Hakuna mtu wa kushika tochi. Nimeishika kwa meno. Meno yenyewe machache.

Ijumaa, 11 Julai
Masanja alikuwa akifunga mashine za mitumbwi kule ziwani, sikio lake halijazeeka. Nimempigia, nikamsimulia vipimo vya jana, nikaiweka simu karibu na bomba. Kasikiliza muda mrefu, bila hata tusi moja. Nikaogopa amekufa.

"Huyo wa kulia ana njaa," kasema. "Cheche anayo, petroli haimfikii. Umelisha nini hilo tenki?"

Nimeitazama ile pamba mdomoni mwa tenki.

Pikipiki hii ina kabureta mbili, kila silinda na yake. Nimefungua ya kulia. Chini kwenye bakuli lake, uzi wa pamba. Mwingine umejikunja ndani ya jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kama funza. Mkulima wa pamba mzima, nimeinyonga pikipiki kwa pamba yangu mwenyewe.

Nimecheka peke yangu mpaka nikakohoa. Nikageuka nimwambie Mama Kija. Bado nageuka.

Jumamosi, 12 Julai
Nimesafisha jeti kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, nikatupa ile pamba, nikaziba tenki kwa gunzi lililofungwa nailoni. Nikamfunga jogoo nyuma. Nikaondoka nikipiga honi ili wale wa mbuzi wanione.

Imenifia kabla sijaingia Bariadi mjini. Kulia tena. Tenki lilikuwa bado limejaa nyuzi. Mjinga mimi, nimetibu mdomo nikaacha tumbo. Nimeisukuma sehemu, sehemu imebebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mpaka nyumbani. Jogoo kawika njia nzima.

Nimeng'oa tenki, nimelisuuza kwa petroli mpaka imetoka safi. Nimefungua kabureta zote mbili. Kesho ndiyo Jumapili.

Simu ya Masanja haipatikani. Naogopa.

Jumapili, 13 Julai
Nimeondoka alfajiri. Bariadi imepita. Lamadi imepita. Silinda zote mbili zinaimba na mimi nimeimba nazo, matusi matupu.

Kalemela gari lilikuwa tayari uani, godoro juu. Masanja amekaa kiti cha mbele, mlango wazi, hataki ufungwe. Mwanawe kanisalimia, "Mwangaluka, baba," halafu kaniambia mzee kawachelewesha tangu asubuhi. Anasema kuna kopo linakuja.

Amekonda. Nimemwambia kaburi la Mama Kija sasa lingemtosha. Kacheka mpaka kashika mbavu. Hapo na mimi nikacheka, kicheko cha mwaka juzi. Kilikuwa kimekwama.

Nimempa jogoo. Kamshika miguu, kampima uzito, kamweka mapajani. Kifuniko kakitoa mfukoni, kimeng'aa kwa kushikwashikwa. Nikanyoosha mkono.

Kakirudisha mfukoni.

"Jogoo ni faini ya kuchelewa," kasema. "Kifuniko njoo ukifuate Mwanza."

Kafunga mlango mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai
Chai. Kiporo hakuna, nimekula mihogo kwa jirani.

Nimekaza nailoni ya gunzi. Nimewasha pikipiki uani, sina pa kwenda. Nimetemea mate bomba ya kushoto, chwaa. Ya kulia, chwaa.

Nimeiacha iungurume kidogo. Nyumba ilikuwa na kelele.